SOMO: MTU MZIMA MWENYE USONJI AHAMIAPO NYUMBA YA KULELEWA

Somo hili ni la mama na baba wenye mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima, lakini hawezi kukaa peke yake. Ni la kaka na dada zake pia, maana siku moja mzigo utakuwa wao. Kuna ulizo moja ambalo wazazi wengi hulificha moyoni, wala hawalisemi hata mbele ya mchungaji wao: “Nikifa, nani atamtunza mtoto wangu? Nani atajua ya kuwa hali sombe ikigusana na wali, na ya kuwa akijipiga sikio si ukali bali ni maumivu?”

Ulizo hili si dhambi, wala si upungufu wa imani. Ni ulizo la hekima. Afadhali kulijibu leo, mama akiwa na nguvu, kuliko kuwaachia majirani walijibu siku ya matanga. Basi tulitazame pamoja, jambo kwa jambo.

1. USONJI NI NINI?

Usonji ni hali ya ubongo ambayo mtu huzaliwa nayo. Watu waliosoma Kifaransa huiita otismu. Mtu mwenye usonji ana ubongo uliokua kwa njia nyingine, na hali hiyo hukaa naye maisha yake yote. Hata akiota ndevu, haimtoki.

Shida yake huonekana hasa katika mambo mawili. La kwanza ni kuelewana na watu. Pengine hatazami macho ya anayesema naye, pengine hajibu anapoitwa, pengine hajui kama jirani anacheka naye au anamcheka. La pili ni kupenda mambo yaende kwa namna ile ile kila siku: kikombe kile kile, njia ile ile ya kwenda sokoni, kiti kile kile kanisani. Ukibadili ghafula, anaona kama nyumba imemwangukia. Tena masikio yake na ngozi yake husikia kupita zetu. Mvua juu ya mabati, mlio wa pikipiki, spika ya kanisa la jirani, kola ya shati mpya: mambo haya kwetu ni madogo, kwake yaweza kuwa kama moto.

Watu hawa hawafanani. Mmoja hasemi neno hata moja. Mwingine asema sana, asoma vizuri, ajua siku za kuzaliwa za watu wote wa avenyu, lakini akitumwa kununua chumvi hudanganywa. Mwingine afanya kazi, aoa, alea watoto. Huyo hahitaji nyumba ya kulelewa hata kidogo. Shirika la Afya Ulimwenguni lakadiri kwamba mwaka 2021 mtu 1 katika kila watu 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, kanisa la watu 500 lina watu wapata 4 wa namna hii. Kama hujawaona, uliza wamewekwa wapi.

2. SI PEPO, SI LAANA, SI KOSA LA MAMA

Usonji haukuanza juzi. Daktari Grunya Sukhareva aliandika habari za watoto wa namna hii katika nchi ya Urusi mwaka 1925, na Daktari Leo Kanner aliandika huko Marekani mwaka 1943. Baadaye wako wasomi waliosema kwamba sababu yake ni mama asiyempenda mtoto wake. Neno hilo liliumiza wamama wengi bure, maana lilikuwa uongo. Mwaka 1998 daktari mmoja wa Uingereza alitangaza kwamba sababu ni chanjo ya surua. Gazeti la madaktari lililochapa habari hiyo, The Lancet, liliifuta mwaka 2010. Basi chanja watoto wako. Surua huua, chanjo haileti usonji.

Tena usonji si uchawi. Huku kwetu, mtoto asiyesema na asiyetazama macho huitwa ndoki upesi sana. Anapelekwa chumba cha maombi, anafungishwa njaa, anapigwa ili pepo atoke. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 ya kuwalinda watoto, katika kifungu cha 160, inamwadhibu anayemshitaki mtoto kwa uchawi. Nasi twajua hata bila sheria: fimbo haijamfundisha mtu asiyesema kusema, ila imemfundisha kuogopa.

Usonji si kichaa vilevile. Kichaa ni ugonjwa wa akili unaompata mtu aliyekuwa mzima, na mara nyingi dawa humsaidia. Mtu mwenye usonji aweza kupatwa na ugonjwa wa akili juu ya usonji wake, au na kifafa, kama mtu mwingine yeyote. Hapo yafaa apelekwe kwa daktari. Hapa Goma kituo cha Tulizo Letu, kilichoanzishwa na watawa wa Frères de la Charité, kinajulikana kwa kazi hiyo. Lakini kwa usonji wenyewe hakuna dawa. Anayekuuzia chupa au sindano ya kuuponya, anachukua pesa zako tu.

3. SABABU NZURI NA SABABU MBAYA ZA KUHAMA

Si kila mtu mzima mwenye usonji apaswa kuhama. Wengi wakae nyumbani, na wasaidiwe pale pale. Lakini ziko sababu nzuri za kutafuta nyumba nyingine. Wazazi wamezeeka, wala hawawezi kubeba maji yake. Mwana amekuwa na nguvu kupita mama, na akishikwa na hofu humwangusha bila kutaka. Chumba ni kimoja, watu ni tisa, kelele haziishi. Au yeye mwenyewe anaonyesha kwamba ataka kuishi kama mtu mzima, mbali na nguo za mama, na kuwa na kazi yake ya kila siku.

Ziko na sababu mbaya. Dada anaolewa, na jamaa wanaona aibu mbele ya wageni. Baba ataka kupangisha chumba. Nabii amesema kwamba huyu ndiye anayezuia baraka za nyumba. Kwa sababu hizi usimhamishe mtu. Kufanya hivyo ni kumtupa, hata kama nyumba unayompeleka ni nzuri.

Ujue ya kuwa yeye naye ana haki. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ulikubali mapatano juu ya haki za watu wenye ulemavu, na nchi yetu ilijiunga nayo mwaka 2015. Kifungu cha 19 chaeleza kwamba mtu mwenye ulemavu aweza kuchagua mahali pa kuishi na watu wa kuishi nao, wala asilazimishwe kukaa katika nyumba asiyoitaka. Katiba ya Kongo ya mwaka 2006, kifungu cha 49, yataja ulinzi wa pekee kwa watu wenye ulemavu, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inaeleza haki zao kwa mapana. Basi umwulize. Utasema, “Lakini hasemi!” Hata asiyesema hujibu. Mpeleke aione nyumba. Akiingia na kuketi, amejibu. Akishika mlango na kulia kila mara mnapofika, amejibu pia.

4. NYUMBA ZA NAMNA GANI ZIKO?

Huko Uingereza wazazi walianza kujiuliza ulizo letu zamani. Mwaka 1962 waliunda chama chao. Mwalimu mmoja, Bibi Sybil Elgar, aliwafundisha watoto wao. Watoto wakakua, shule ikawa haiwatoshi. Mwaka 1974 ikafunguliwa nyumba ya Somerset Court kwa ajili ya watu wazima wenye usonji, nayo ilikuwa ya kwanza ya namna hiyo katika Ulaya. Tangu siku zile watu wamejifunza kwamba nyumba ndogo ya watu wachache, katikati ya majirani, ni bora kuliko nyumba kubwa iliyofichwa mbali.

Katika Afrika ya Mashariki pia ziko nyumba chache ambamo watu wazima wenye ulemavu wa akili huishi pamoja na wasaidizi wao, kama zile za L'Arche katika Uganda na Kenya. Huku Kivu, vituo vinavyojulikana kwa walemavu, kama Heri Kwetu ya Bukavu na Shirika la Umoja ya Goma, vimesaidia wengi, hasa wenye ulemavu wa viungo. Hospitali nayo si makao: mgonjwa huingia, hutibiwa, hurudi kwao. Kwa hiyo familia nyingi za Goma zatafuta moja katika njia hizi nne:

(a) Nyumba ya ndugu. Shangazi, kaka au dada ampokea. Hii ndiyo njia ya desturi yetu, nayo ni nzuri kama anayempokea amekubali kwa moyo, wala hakukubali kwa sababu ya kiwanja cha urithi.

(b) Kulala nyumbani, kushinda kwingine. Kila asubuhi aenda mahali pa kazi ndogo: kuchagua maharagwe, kushona vikapu, kulisha sungura. Jioni arudi. Mama apumzika mchana, naye azoea watu wengine kidogo kidogo.

(c) Nyumba ya watawa au ya kanisa. Hapo uulize kwanza kama wanapokea watu wazima, maana nyumba nyingi ni za watoto.

(d) Nyumba ya familia kadhaa. Familia tatu au nne zenye shida moja zapanga nyumba ndogo pamoja, zamlipa mlezi mmoja wa mchana na mmoja wa usiku, na wazazi wafanya zamu. Kama mama wa soko wanaweza kuendesha likelemba miaka kumi bila ugomvi, hata jambo hili laweza kuendeshwa.

5. ICHUNGUZE NYUMBA

Usiangalie rangi ya ukuta. Ingia jikoni, ingia chooni, keti mpaka jioni. Kisha uulize haya:

— Wanaoishi hapa ni wangapi, na walezi ni wangapi usiku?
— Kila mmoja ana kitanda chake na mahali pa kuweka vitu vyake?
— Mchana wanafanya kazi gani? Au wanaketi tu ukutani?
— Mmoja akishikwa na hofu na kupiga kelele, mnafanya nini? (Wakijibu kamba, mnyororo au fimbo, ondoka.)
— Nani anawaogesha wanawake? (Lazima awe mwanamke, na mlango wa chumba chao usiwe wazi kwa kila mtu.)
— Naweza kuja siku yoyote bila kutangaza? (Wakikataa, ondoka.)
— Dawa zinawekwa wapi, na nani anaandika zilizotolewa?

Tena kwa sisi watu wa Goma liko ulizo moja zaidi: mji ukikimbia, nani atamshika mkono? Twakumbuka Nyiragongo ilivyotapika moto tarehe 17 Januari 2002, na tena tarehe 22 Mei 2021. Siku chache baadaye, tarehe 27 Mei, watu waliamriwa kutoka, njia za Sake na Gisenyi zikajaa. Twakumbuka na risasi za mwisho wa Januari 2025. Katika msongamano kama ule, mtu asiyeweza kusema jina lake aweza kupotea kwa dakika moja. Basi mlezi mmoja awe amepewa mtu huyu kwa jina. Na wewe, mama, shona kitambaa kidogo ndani ya shati zake zote, chenye jina lake, jina lako na namba mbili za simu.

6. DAFTARI LAKE

Chukua daftari la shule, andika kila kitu unachokijua wewe peke yako. Daftari hili ni urithi mkubwa kuliko kiwanja. Andika hivi:

Chakula: anachokula, asichokula, na kama atumia kijiko au mkono. Usingizi: saa ya kulala, upande wa ukuta, kama ataka taa. Hofu: mbwa, ngurumo, watoto wanaolia, harufu ya sabuni fulani. Furaha: redio, maji, kukunja nguo, kutazama chukudu zikipita. Maneno yake: kama asema “baba” akiwa na njaa, uandike. Maumivu: jinsi unavyojua ya kuwa anaumwa.

Hili la maumivu ulikaze sana. Mtu asiyesema hawezi kukuambia jino linamwuma. Mara nyingi atajipiga, ataacha kula, au atakuwa mkali ghafula, na watu watasema, “Usonji umezidi.” Sivyo. Tazama kwanza masikio, meno, tumbo, choo kigumu, homa ya malaria, na kwa mwanamke, siku zake za mwezi. Mpeleke kwa mwuguzi kabla ya kumpa dawa ya kumlaza.

Andika dawa zake zote, kiasi na saa. Kama anameza dawa ya kifafa, andika kwa herufi kubwa: ISIACHWE HATA SIKU MOJA BILA NENO LA DAKTARI. Kuiacha ghafula kwaweza kuleta kifafa kisichokatika, nacho huua. Mwisho, weka nakala ya kadi yake na karatasi za hospitali. Fanya madaftari mawili: moja liende naye, lingine ubaki nalo.

7. KUHAMA KIDOGO KIDOGO

Usimhamishe siku ya mazishi. Usimhamishe kwa hila, ukisema mnaenda sokoni. Atakuja kujua, naye hataamini tena sauti yako. Fuata njia hii, hata ikichukua miezi mitatu:

Juma la kwanza, mlezi aje kwenu nyumbani, anywe chai, akae bila kumgusa. Arudi mara mbili, tatu. Kisha ninyi mwende kule, mkae saa moja, mrudi. Kisha mle chakula cha mchana huko. Kisha abaki na mlezi saa chache, nawe uondoke na kurudi saa ile uliyosema, si baada yake. Kisha alale usiku mmoja. Kisha siku mbili.

Mwonyeshe kwa picha. Ukiwa na simu, piga picha za mlango ule, kitanda kile, na uso wa mlezi, mzitazame kila jioni. Bila simu, chora. Chora jua na nyumba yenu, chora mwezi na nyumba mpya. Kata karatasi ya siku saba, kila siku avute moja. Watu wengi wenye usonji huelewa jicho kabla ya sikio.

Siku ya kuhama, apeleke blanketi yake isiyofuliwa, yenye harufu ya nyumbani. Kikombe chake, kiti chake kidogo, redio yake. Usimnunulie vyote vipya ukidhani wampenda, vipya vitamtisha. Mwende asubuhi, wakati hakuna kelele, wala kwaya isije kumwimbia. Umwage kwa maneno machache, umwambie siku utakayorudi, kisha urudi siku hiyo hiyo hata mvua ikinyesha.

Majuma ya kwanza huenda asilale vizuri, asile vema, akutafute mlangoni. Hii ni huzuni, nayo ni ya haki. Wewe ungelia pia. Mara nyingi hupungua, zamu za siku zikiwa zile zile. Na wewe, mama, utaamka usiku ukisikia kimya, nawe utalia. Usione haya. Keti na wenzako wa kikundi, waambie.

8. HABARI YA PESA

Hapa wengi huteleza, kwa hiyo tusikilizane vizuri.

Katika Kongo, mtu mzima mwenye usonji ambaye hakufanya kazi ya mshahara hapati malipo ya kila mwezi kutoka serikalini. Katika Kenya mpango wa Inua Jamii umetoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba zenye mtu mwenye ulemavu mkubwa. Kwetu, posho yake ni jasho la jamaa: jikoni la mama, pikipiki ya kaka, na pesa zitumwazo na ndugu walio mbali.

Ndugu hao walio mbali, wengine wana mtu wa namna hii nyumbani mwao. Watu wa Masisi na Rutshuru wengi walikaa miaka katika makambi ya Rwanda na Uganda, kisha wakapelekwa Marekani. Huko mtu mzima mwenye ulemavu na asiye na mali aweza kupata malipo yaitwayo SSI. Mwaka 2025 kiasi cha juu cha serikali kuu kilikuwa dola 967 kwa mwezi. Lakini waandikie mambo haya wayajue: mkimbizi asiyepata uraia ana mpaka wa miaka 7, mwenye malipo hatakiwi kuwa na akiba kupita dola 2,000, na akiingia hospitali au nyumba ya uuguzi ambayo bima ya serikali, Medicaid, yalipa zaidi ya nusu ya gharama, malipo hushuka mpaka dola 30 kwa mwezi. Nyumba ndogo za watu wachache mara nyingi huhesabiwa kwa namna nyingine. Kwa hiyo waulize biro ya malipo kabla ya kuhama, wala wasingoje barua baadaye. Tena pengine jamaa walioko Goma hutegemea sehemu ya pesa hizo. Fahamu, ndugu: pesa hizo si za ukoo. Ni chakula cha mtu yule. Anayezipokea kwa niaba yake lazima azitumie kwa ajili yake na kutoa hesabu.

Kitabu cha pili cha Samweli, mlango wa 9, chasimulia habari za Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, aliyelemaa miguu yote miwili tangu umri wa miaka 5. Alikuwa akilelewa katika nyumba ya mtu mwingine. Mfalme Daudi akamhamisha, akampa kiti mezani pake, akamrudishia mashamba ya babu yake, na Siba akawekwa kuyalima kwa ajili yake. Soma mbele, mlango wa 16 na wa 19: Siba yule yule alimsingizia bwana wake ili ajitwalie mali. Nyumba ilikuwa nzuri, meza ilikuwa ya mfalme, lakini hapakuwa na mtu wa kumwangalia msimamizi. Neno hili latosha kutuonya.

Basi fanya hivi. Pesa za mtu mwenye usonji ziandikwe katika kitabu chao peke yake: zilizoingia, zilizotoka, tarehe. Watu wawili wa nyumba mbalimbali watie sahihi kila mwezi. Usiweke zote kwa simu ya mtu mmoja, wala zote banki. Mwaka 2025 banki za Goma zilipofungwa, waliokuwa na akiba humo peke yake walishinda njaa na karatasi mkononi. Mkubaliane na nyumba kwa maandishi: kiasi gani kwa mwezi, chalipia nini, na mkichelewa itakuwaje. Abakiwe na franga kidogo za mkononi mwake mwenyewe, za ndizi au sambaza anazozipenda. Mtu mzima asiyeshika hata franga moja amefanywa mtoto.

Na mali ya urithi? Baba, sema leo mbele ya mashahidi, na uandike, ni sehemu gani ya kiwanja iliyo yake. Usiseme, “Ndugu zake watamkumbuka.” Waandikie wakumbuke.

9. DALILI ZA HATARI

Umemhamisha, lakini kazi yako haijaisha. Nenda mara kwa mara, pengine asubuhi, pengine usiku. Ukiona haya, usingoje: alama za kamba mikononi au miguuni, madonda ya kulalia, kukonda upesi, kumwogopa mtu mmoja, nguo za ndani zenye damu, mimba, kusinzia mchana kutwa kwa dawa ambayo hakuna daktari aliyeiandika. Mpeleke hospitali siku ile ile, na umpashe habari mkubwa wa nyumba na mkubwa wa kartie. Mwanamke aliyenajisiwa afike hospitali kabla ya saa 72 kupita, ili apewe dawa za kumkinga na UKIMWI.

Wala usiseme, “Nyumba hii ina jina kubwa, haiwezi kuwa na ubaya.” Mwaka 2011 huko Uingereza, katika hospitali ya Winterbourne View, mwandishi aliyejificha kama mfanyakazi alionyesha kwa picha jinsi wagonjwa wenye usonji na wenye ulemavu wa akili walivyopigwa na kuburutwa. Wafanyakazi 11 walihukumiwa mwaka 2012.  Walichokosa wagonjwa hao ni macho ya jamaa zao ndani ya vyumba. Na mwaka 2020 shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba katika nchi zipatazo 60 watu wenye taabu za akili hufungwa minyororo, pengine nyumbani, pengine katika nyumba za maombi. Mnyororo hauwi dawa kwa sababu umefungwa na mtu mwenye Biblia.

10. KANISA LIFANYE NINI?

Watu wa kanisa, msiulize tu, “Yule kijana yuko wapi siku hizi?” Nendeni. Wamama wawili kila Alhamisi, wababa wawili kila Jumapili baada ya ibada. Ibada ikiwa na kelele nyingi, mwekeeni nafasi karibu na mlango, atoke na kuingia apendavyo, wala mtu asigeuke kumtazama. Mama yake akifa, msimfiche habari. Mpelekeni aone, mwambieni kwa maneno mafupi, “Mama amekufa. Hatarudi. Sisi tutakuja Alhamisi.” Kisha Alhamisi mje.

MAULIZO YA KUKUMBUKA SOMO

1. Usonji na kichaa hutofautianaje?
2. Taja sababu mbili nzuri na mbili mbaya za kumhamisha mtu.
3. Mtu asiyesema akianza kujipiga, utatazama nini kwanza?
4. Kwa nini dawa ya kifafa isiachwe ghafula?
5. Nani atie sahihi katika kitabu cha pesa zake, na kwa nini wawe wawili?
6. Katika nyumba yenu, mama akiugua kesho, nani anajua asichokula yule mtu? Kama jibu ni “hakuna”, nunua daftari leo.